Askari Mbele ya Kamera: Somo juu ya Picha za Polisi Kazini

Somo letu la mwezi huu lahusu jambo ambalo wengi mmekwisha kuliona kwa macho, lakini labda hamjalifikiri sana. Katika televisheni huonyeshwa vipindi ambavyo ndani yake askari polisi wa kweli wafuatwa na mpiga picha wakiwa katika kazi yao ya kila siku. Si mchezo wa kuigiza. Askari si mwigizaji, mtu anayekimbia gizani si mwigizaji, na damu itokayo si rangi nyekundu. Vipindi hivi vilipata nguvu kwanza katika nchi ya Marekani, na kutoka huko vimeenea mpaka vyaonekana huku kwetu, katika nyumba zenye televisheni na katika simu za vijana.

Lililotusukuma kuandika ni neno dogo. Jioni moja tuliketi nyumbani kwa rafiki yetu, na watoto wake walikuwa wakitazama kipindi cha namna hii. Mtu mmoja asiye na shati akakokotwa kutoka kichakani, akalazwa kifudifudi, akatiwa pingu. Watoto wakacheka sana. Baba yao akawauliza, “Mtu huyu amefanya nini?” Mkubwa wao akajibu, “Ni mwizi, baba.” “Umejuaje?” “Si tumemwona akikamatwa?” Baba akanyamaza, na sisi tukanyamaza, maana tuliona ya kuwa hata sisi wazee tulikuwa tumekwisha kumhukumu mtu yule moyoni mwetu bila kusikia shahidi hata mmoja. Kukamatwa ni jambo moja, na kuonekana na hatia mbele ya hakimu ni jambo jingine. Kati ya hayo mawili pana njia ndefu, na kamera haimsindikizi mtu katika njia ile.

Basi, tuanze na asili ya mambo. Mtu wa kwanza tunayependa kumtaja ni Frederick Wiseman, mtengenezaji wa sinema za kweli. Mwaka 1969 alitoa sinema iitwayo Law and Order, iliyopigwa katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri. Alifuatana na askari wa mji ule katika zamu zao, bila msimulizi na bila kuwahoji. Ndani ya sinema hiyo askari waonekana wakimtunza mtoto aliyepotea, na kusuluhisha watu waliogombana. Tena yumo askari mmoja akimkaba koo mwanamke aliyetuhumiwa ukahaba. Wiseman hakusema neno lolote juu ya haya wala yale. Aliyaweka yote mbele ya mtazamaji, akamwachia kazi ya kufikiri.

Baada ya miaka kadhaa wakaja watu wengine wenye nia nyingine. Desemba mwaka 1986 televisheni ya Marekani ilionyesha kipindi ambacho ndani yake watu walikamatwa kwa ajili ya dawa za kulevya mbele ya watazamaji wa nchi nzima, saa ile ile askari walipovunja mlango. Mwanamke mmoja wa Texas alionekana akikamatwa hivi, na baadaye mashtaka yake yakaondolewa. Lakini mashtaka huondolewa ofisini, kwa karatasi moja, wala hakuna mamilioni ya watu wanaoketi jioni kuitazama karatasi ile. Fikirini, wasomaji, ni njia gani mama yule angeweza kuipita kuwafikia wote waliomwona.

Mmoja wa waliofanya kazi katika kipindi kile alikuwa John Langley. Yeye pamoja na mwenzake Malcolm Barbour walikuwa na wazo la kuwafuata askari katika zamu zao, wiki hata wiki, bila msimulizi na bila muziki ndani ya picha. Makampuni ya televisheni yalilikataa wazo hilo. Lakini mwaka 1988 waandikao michezo ya televisheni waligoma toka Machi hata Agosti, na kampuni changa ya Fox ikawa inatafuta kitu kisichohitaji mwandishi wala mwigizaji. Ndipo Langley akafunguliwa mlango. Twaona hapa jambo la kawaida la dunia: kitu kilichokuja kubadili mawazo ya watu wengi juu ya polisi kilizaliwa na upungufu wa maneno na tamaa ya kupunguza gharama.

Kipindi hicho chaitwa Cops, yaani askari. Kilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 11 Machi 1989, na watu wake wa kwanza walikuwa askari wa wilaya ya Broward katika jimbo la Florida, chini ya sherifu wao Nick Navarro. Kilikaa katika Fox mpaka 2013, kisha kikahamia stesheni nyingine. Kilipita vipindi 1,000. Ziko ndoa zisizodumu muda ule.

Sasa tuangalie jinsi kinavyotengenezwa, kwa maana hapa ndipo penye elimu kubwa kuliko pengine pote. Watu wawili huingia katika gari la polisi: mmoja mwenye kamera, wa pili mwenye chombo cha kunasa sauti. Hukaa humo zamu nzima, na siku nyingi. Askari akiitwa, nao huenda. Akikimbia, nao hukimbia nyuma yake. Kila mtu asemaye ni askari au ni mtu aliyekutwa na askari. Kipindi kimoja huchukua kama dakika 22, na ndani yake huwamo habari tatu. Mwanzo wa kila kipindi husomwa tangazo kwamba watuhumiwa wote wahesabiwa kuwa hawana hatia mpaka mahakama iamue. Watu wengi husifu tangazo hilo. Sisi twaona ni sawa na mtu aliyeandika mlangoni “Karibuni wageni” naye amefungua mbwa uani. Sekunde chache za maneno haziwezi kushindana na dakika 22 za picha, ambazo kila mara humalizika kwa mtu kutiwa pingu na mlango wa gari kufungwa.

Mtu aweza kusema, “Lakini ninyi waandishi, picha ni picha. Kamera haisemi uongo.” Ndugu mpendwa, na tukubali kwamba kamera haisemi uongo. Hata hivyo, yuko mtu mwenye mkasi. Saa nyingi sana za picha hupigwa ili zipatikane dakika chache, nazo zilizobaki hutupwa. Katika saa hizo zilizotupwa askari anaandika ripoti. Anamngoja daktari. Anazunguka mitaa mitupu usiku kucha asikutane na lolote. Anamsikiliza bibi kizee ambaye kila wiki hupiga simu kwa sababu ya upweke. Hiyo ndiyo kazi ya polisi kwa sehemu kubwa, lakini nani angekaa kuitazama? Kwa hiyo huchaguliwa mbio za magari, ugomvi, na vita vya mikono. Kila kipande ni cha kweli, lakini vikiunganishwa vyatoa dunia isiyokuwako, dunia ambamo kila mlango nyuma yake pana bunduki, na kila mbio humalizika kwa mtu kukamatwa.

Jambo hili lilipimwa. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Mary Beth Oliver, alichunguza vipindi vya polisi vya namna hii, akatoa habari zake mwaka 1994. Aliona ya kuwa makosa ya kumwaga damu yalionyeshwa kwa wingi kupita yalivyokuwa katika hesabu za serikali, na makosa yaliyomalizika kwa mtu kukamatwa yalizidi sana kuliko ilivyo kweli. Tena aliona kwamba Wazungu katika vipindi hivyo walielekea kuonekana katika nguo za askari, na watu weusi pamoja na wenye asili ya Amerika ya Kusini walielekea kuonekana katika nafasi ya watuhumiwa. Hakuna mtu aliyesema neno la ubaguzi. Lilisemwa na mpango wa picha, nalo lasikika zaidi, kwa kuwa mtazamaji hajui kwamba ameambiwa neno.

Liko na swali la idhini. Mtu aliyekamatwa huombwa atie sahihi karatasi kukubali uso wake uonyeshwe. Asipokubali, uso hufunikwa kwa ukungu. Wenye kipindi walisema siku zote kwamba walio wengi hukubali. Lakini wengine kati yao wamesema baadaye kwamba walitia sahihi wakiwa wamelewa, au wakiwa na hofu, wasijue kama karatasi ile yatoka kwa polisi au kwa watu wa sinema. Twaliamini neno hilo kwa urahisi. Mtu aliyefungwa mikono nyuma, akiwa barabarani usiku na askari watatu wamemzunguka, si mtu anayesoma karatasi kwa utulivu. Tena fahamuni ya kuwa idara za polisi zilipewa nafasi ya kuutazama mkanda kabla haujaonyeshwa. Mtu wa kichakani hakupewa nafasi hiyo.

Jambo la kamera kuingia nyumbani mwa watu lilifika hata katika Mahakama Kuu ya Marekani, na habari yake yafaa kuelezwa kwa ukamilifu kidogo. Alfajiri ya tarehe 16 Aprili 1992, katika mji wa Rockville, jimbo la Maryland, askari walikwenda kumkamata kijana mmoja wakiwa na hati halali. Pamoja nao walikuwa mwandishi na mpiga picha wa gazeti moja kubwa. Nyumba waliyoingia ilikuwa ya wazazi wa kijana. Baba akatoka kitandani amevaa nguo ya ndani tu, akauliza kwa hasira kuna nini. Askari wakamlaza sakafuni. Mama akatoka na vazi lake la kulalia, akamwona mumewe katika hali ile. Na wakati wote mpiga picha alikuwa akipiga. Kijana mwenyewe hakuwamo nyumbani kabisa.

Picha zile hazikutolewa gazetini hata moja. Hata hivyo wazazi walishtaki, na tarehe 24 Mei 1999 majaji wote tisa walikubaliana kwamba askari walivunja Katiba kwa kuwaingiza watu wa gazeti ndani ya nyumba. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: hati ya hakimu yampa askari ruhusa ya kuingia kwa kazi yake, wala haimpi ruhusa ya kufuatana na wageni wasiosaidia kazi ile. Mtu akija kwako na ruhusa ya kuchota maji kisimani, hana haki ya kuleta kundi zima lije kuangalia jinsi unavyoishi. Lakini katika sehemu ya pili ya hukumu, majaji wanane kati ya tisa walisema askari wale hawatalipa fidia, kwa sababu wakati ule sheria ilikuwa haijawa wazi. Hivyo wazazi walishinda neno lao wakarudi mikono mitupu. Tangu siku ile mtu wa kamera hana budi kusimama nje ya mlango, isipokuwa mwenye nyumba akimkubalia.

Twafika sasa mahali pazito. Yako mambo matatu ambayo hatuwezi kuyaacha.

La kwanza ni la mji wa Detroit. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Mei 2010 kikosi cha polisi chenye silaha kilikwenda kumtafuta mtu aliyetuhumiwa kuua, na watu wa kipindi kiitwacho The First 48 walikuwapo na kamera zao. Askari walirusha dirishani kombora la kutoa mwanga na kishindo, wakaingia. Katika kochi alikuwa amelala mtoto wa kike wa miaka saba, karibu na bibi yake. Risasi ya askari mmoja ikampata, akafa. Mtu aliyetafutwa alikamatwa katika nyumba ya juu ya jengo lile lile. Askari yule alishtakiwa. Mara mbili wazee wa baraza hawakupatana, na mwaka 2015 kesi ikaachwa. Watu wa mji waliuliza swali ambalo mpaka leo halikupata jibu la kuwatosheleza: je, wangeingia kwa kishindo namna ile kama kamera isingalikuwapo? Hatuwezi kusema tunajua yaliyokuwa moyoni mwa askari wale. Lakini kila mtu aliyewahi kufanya kazi huku akitazamwa ajua kwamba mkono hubadilika. Fundi huigonga misumari kwa nguvu zaidi. Mwalimu hupaza sauti mgeni akiingia darasani. Kwa nini askari awe tofauti?

La pili lilipata watu wa Cops wenyewe. Agosti 2014 katika mji wa Omaha, askari walimkuta mnyang'anyi katika mkahawa, naye akatoa kitu kama bastola. Askari wakapiga risasi nyingi. Mnyang'anyi alikufa, na kitu alichoshika kikaonekana kuwa bunduki ya hewa tu, ya kuchezea. Lakini risasi moja ya askari ilimpata mnasa sauti aliyekuwa akifuatana nao, kijana wa miaka 38, naye akafa. Alikuwa amesimama karibu ili asikie vizuri, maana ndiyo kazi yake.

La tatu ni la Texas. Mwaka 2016 kilianza kipindi kingine, Live PD, ambacho kilionyesha zamu za polisi usiku ule ule, kwa kuchelewa kidogo tu. Tarehe 28 Machi 2019 askari wa wilaya ya Williamson walitaka kumsimamisha mtu wa miaka 40 kwa sababu hakupunguza mwanga wa taa za gari lake. Hakusimama. Wakamfukuza dakika 22 mpaka mji wa Austin. Walipomkamata walimpiga mara kwa mara kwa chombo cha umeme, naye akawaambia kwamba ana ugonjwa wa moyo, na kwamba hawezi kupumua. Akafa. Wapiga picha wa Live PD walikuwapo wakipiga. Mkanda ule haukuonyeshwa kamwe, kisha ukafutwa. Kampuni ikaeleza ya kuwa si desturi yake kuweka picha zisizoonyeshwa. Watu walikuja kulijua jambo hili Juni 2020 tu, kwa picha za kamera ndogo walizovaa askari wenyewe kifuani.

Tuitazame habari hii mara ya pili. Kipindi kilichojisifu kwamba chaonyesha kazi ya polisi kama ilivyo, kilipokutana na kifo mikononi mwa polisi hakikuonyesha kitu. Mwaka 2021 bunge la Texas lilitunga sheria, yenye jina la marehemu, inayozikataza idara za polisi kufanya mapatano na vipindi vya namna hii.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa yamekwisha geuka. Tarehe 25 Mei 2020 George Floyd alikufa katika mji wa Minneapolis chini ya goti la askari. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema kana kwamba mtu alipatwa na ugonjwa wakati wa kukamatwa. Lakini msichana wa miaka 17 aliyekuwa akipita njiani alisimama, akatoa simu yake, akapiga picha mpaka mwisho. Picha zile zikapita duniani kote, na mwaka uliofuata askari yule akahukumiwa kuwa ni mwuaji. Tarehe 9 Juni 2020, siku kumi na tano baada ya kifo kile, Cops iliondolewa katika stesheni yake, na kesho yake Live PD nayo ikaondolewa. Miaka 31 ya kamera ndani ya gari la polisi haikuwaonyesha watu kile ambacho simu ya msichana mmoja ilionyesha katika dakika chache. Msisahau kwamba kamera ya msichana haikuwa na karatasi ya mapatano na mtu.

Lakini hawakukaa kimya muda mrefu. Cops ilirudi mwaka 2021 kwa njia ya watazamaji wanaolipa, na watu wa Live PD walirudi mwaka 2022 kwa jina jingine. Watazamaji walikuwapo wakingoja.

Je, tuseme basi kwamba ni vibaya kabisa kumwonyesha askari kazini? La. Hapa twapenda kuwapeleka wasomaji Uingereza, mwaka 1982. Roger Graef, Mmarekani aliyekaa Uingereza, pamoja na mpiga picha Charles Stewart, walitengeneza mfululizo ulioitwa Police kwa shirika la BBC. Waliwafuata polisi wa Thames Valley. Nao vilevile hawakuwa na msimulizi, nao vilevile walikaa na askari siku nyingi. Kwa nje kazi yao yafanana na ile ya Langley. Sasa tazameni tofauti.

Tarehe 18 Januari 1982 ilionyeshwa sehemu iliyopigwa katika kituo cha mji wa Reading. Mwanamke amekuja kushtaki kwamba amenajisiwa. Maaskari wapelelezi watatu, wote wanaume, wamhoji. Uso wake hauonekani. Twaona mgongo wake, na nyuso zao. Hawamwamini. Wamwuliza habari za ugonjwa wake wa zamani na mwenendo wake, wamkatiza maneno, mmoja ampigia kelele, wamwambia kwamba anasema uongo. Hakuna pingu, hakuna mbio, hakuna bunduki. Ni chumba, meza, na sauti tu. Nayo ilikuwa vigumu kuitazama kuliko mbio zozote za magari.

Nchi nzima ilipiga kelele. Magazeti, bunge, vyama vya wanawake, wote walisema. Na jambo la ajabu ni kwamba maaskari wale hawakujificha; waliongea vile mbele ya kamera kwa sababu hawakuona kuwa wanafanya kosa. Hiyo ilikuwa njia yao ya kila siku, na wanawake wengi walikuwa wameipitia chumbani humo bila mtu kujua. Mwaka uliofuata serikali iliwapelekea polisi maagizo mapya juu ya namna ya kuwapokea wanawake wenye mashtaka kama hayo, na mafunzo yakabadilishwa. Twapenda pia kumpa sifa mkuu wa polisi wa Thames Valley wa wakati ule, Peter Imbert, aliyekubali sehemu ile ionyeshwe ingawa ilimwaibisha. Haikumvunja. Baadaye alikuwa mkuu wa polisi wa London.

Basi mtu akiuliza, kamera ya Reading na kamera ya Broward zatofautiana wapi, sisi twajibu hivi. Katika Broward aliyefunikwa uso, kama alifunikwa, ni yule aliyekataa kutia sahihi. Wengine wote walianikwa, na aibu yote ilikuwa yao. Katika Reading mnyonge alifunikwa tangu mwanzo, na mwenye nguvu akaonekana. Katika Broward kila habari yaisha kwa mlango wa gari kufungwa, na mtazamaji ashusha pumzi kama mtu aliyesikia hadithi nzuri. Katika Reading habari haikuisha. Iliwafuata watazamaji kitandani. Tena yuko mwenye kuchagua kipande gani kionekane. Graef alikuwa na nafasi ya kuionyesha sehemu ambayo polisi wasingeichagua. Yule anayehitaji gari la polisi limchukue tena wiki ijayo, mkono wake wa mkasi hauwezi kuwa huru, hata akiwa mtu mwema.

Tusiwe wagumu kwa askari wenyewe. Kazi yao ni nzito, nao huitwa pale ambapo watu wengine wakimbia. Tumewaona hata katika Cops wenyewe askari waliokaa muda mrefu na mtu aliyelewa, wakisema naye kwa upole, wakimtafutia pa kulala. Vipande hivyo vimo, ila si vingi. Mtu akitaka kuwatetea polisi, tungemshauri aombe vipande hivyo viongezwe, pamoja na ripoti zile za usiku mrefu, hata watu wakipiga miayo.

Walimu wengi miongoni mwenu hukaa na vijana jioni, nao vijana wana picha hizi mkononi. Kuwakataza hakutafaa, maana simu ni yao na usiku ni mrefu. Sisi tulijaribu jambo jingine pamoja na watoto wa rafiki yetu. Wiki ya pili tuliketi nao tena, tukatazama habari moja mpaka mwisho wake, kisha tukamwomba yule mkubwa aisimulie upya, lakini safari hii asimulie kama yeye ndiye mtu wa kichakani. Alianza kwa kucheka. “Nilikuwa ninakimbia,” akasema. Tukamwuliza, “Ulikuwa ukitoka wapi?” Hakujua. “Mkeo yuko wapi? Nani atawaambia watoto wako kwamba hurudi leo? Shati lako liko wapi?” Hakujua hata moja. Akaurudisha mkanda nyuma, akatazama tena kwa uangalifu, akitafuta. Hakuona. Ndipo akatuuliza kama iko njia ya kujua mtu yule aliambiwa nini na hakimu. Tukamwambia kwamba katika kipindi kile hakuna.